Bomba la Gesi Lianze na Watu wa Njiani

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata na vijiji, wahandisi wenzangu, na nyinyi vijana mnaosomea fani hii: nawasalimu nyote, na asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie ujenzi wa bomba la gesi asilia la masafa marefu, linalovuka mikoa. Wengi wenu mnatarajia nianze na vyuma, mitaro na mitambo, na huko nitafika. Ila hoja yangu naiweka mezani mapema. Bomba likichorwa kana kwamba lina ncha mbili tu, kule gesi inakotoka na kule inakokwenda, linazaa ugomvi wakati wa kujengwa, na likishajengwa halijai. Sisi Watanzania tumeyaona yote mawili katika bomba moja. Mwaka 2021 nchi yetu na Kenya zilisaini makubaliano ya kupeleka gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, na kwa nchi kavu njia fupi ya kufika Mombasa inaupita Mkoa wa Tanga. Ndiyo maana nataka tuyaseme haya kabla mpima ardhi hajapigilia kigingi cha kwanza.

Turudi nyuma kidogo. Gesi iligunduliwa kisiwani Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974. Ya Mnazi Bay, Mtwara, ikafuata mwaka 1982. Zote mbili zilikaa chini miaka na miaka. Gesi haifanani na mafuta, ambayo unaweza kuyajaza kwenye mapipa, ukayapakia melini, ukaenda kutafuta mnunuzi. Gesi ama unaijengea bomba hadi kwa mnunuzi unayemjua, ama unaijengea mtambo wa kuipoza hadi iwe kimiminika, na mtambo huo ni ghali mno. Mnunuzi wa kutosha hakuwepo. Ilipita miaka 30 ndipo gesi ya Songo Songo ikafika Dar es Salaam, mwaka 2004, kwa bomba la inchi 12 chini ya bahari hadi Somanga Fungu, na la inchi 16 kutoka hapo hadi Ubungo. Mnazi Bay ilisubiri zaidi. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kuendesha mitambo midogo ya umeme wa Mtwara na Lindi.

Kisha ukaja mwaka 2011. Mvua zilikuwa haba, maji ya bwawa la umeme la Mtera yakashuka, mgao wa umeme ukaiumiza nchi nzima, na tukawa tunachoma mafuta ya bei kubwa kwenye mitambo ya dharura huku gesi yetu imelala kusini. Uamuzi wa kujenga bomba kubwa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ulizaliwa katika hali hiyo, na ninauelewa. Mkopo ulitoka Benki ya Exim ya China, gharama ya mradi ikatajwa kuwa dola za Marekani bilioni 1.225, na mkandarasi akawa kampuni tanzu ya shirika la mafuta la China, CNPC. Jiwe la msingi liliwekwa Kinyerezi, Dar es Salaam, Novemba 2012. Oktoba 2015 Rais Kikwete akazindua bomba, hapo hapo Kinyerezi. Kwa miaka isiyofika mitatu zilijengwa kilomita zaidi ya 500, pamoja na mitambo ya kuchakata gesi ya Madimba na Songo Songo. Waliofanya kazi ile wanastahili heshima yetu, wageni na wazawa.

Sasa nifike Mtwara, na hapa nitakaa.

Desemba 2012 watu kwa maelfu waliandamana mjini Mtwara. Kauli yao ilikuwa fupi: gesi haitoki. Januari 2013 zilizuka ghasia. Mei, baada ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini kusomwa bungeni, zikazuka tena. Nyumba na ofisi zilichomwa, wanajeshi wakapelekwa, watu wakapoteza maisha. Wapo waliosema watu wa kusini ni wabinafsi, wanataka kula peke yao mali ya taifa. Sikukubaliana nao wakati ule, na leo sikubaliani nao.

Gesi ni mali ya taifa, na hilo halina ubishi. Lakini mtu wa Mtwara aliyeuliza, "Kwa nini isijengwe mitambo ya umeme hapa, mkasafirisha umeme badala ya gesi?" aliuliza swali la kihandisi kabisa. Lina majibu. Sehemu kubwa ya watumiaji iko Dar es Salaam, na wengi wao ni viwanda vyenye matanuri, vinavyotaka joto la moto wenyewe na si umeme peke yake. Umeme unaosafiri mbali unapotea njiani. Bomba nalo, likishajaa, lina akiba ndani yake, kwa hiyo kisima kikisimama kwa saa kadhaa mitambo haizimiki papo hapo. Haya yote yangeweza kuelezwa kwa Kiswahili cha kawaida, kwenye mkutano wa kijiji Msimbati au Madimba, kabla mkataba haujasainiwa. Maelezo yakaja baada ya uamuzi, na maelezo yanayokuja baada ya uamuzi watu huyasikia kama amri.

Kuna na kumbukumbu. Kusini waliwahi kuona reli. Wakoloni waliijenga kwa ajili ya mradi wao wa karanga, kati ya Mtwara na Nachingwea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Kipande cha barabara cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kiliwatesa wasafiri wa Lindi na Mtwara kwa miongo kadhaa, hadi hii miaka ya 2010. Mtu aliyekulia katika hali hiyo akiambiwa kuna kitu cha thamani kinaondoka kwao kwa bomba la chuma lililofukiwa ardhini, msitegemee apige makofi.

Barabara ikipita kijijini, siku ile ile mtu anafungua kibanda cha chai kando yake, na nauli ya kwenda hospitali inashuka. Bomba halina tabia hiyo. Linapita chini kimya, na lisipokuwa na mahali palipoandaliwa pa kuchotea gesi, mtu anayeishi mita 50 kutoka kwenye bomba ataendelea kupikia kuni. Faida ya bomba kwa watu wa njiani haitokei yenyewe, inaamuliwa kwenye karatasi ya michoro.

Upande wa pili wa hadithi unazungumzwa kidogo, na kwangu ndio unaofunga hoja. Bomba lile la inchi 36 lina uwezo wa kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alipolikagua baada ya kuanza kazi, aliripoti kwamba linatumika kwa takriban asilimia 6 tu ya uwezo huo. Matumizi yamepanda tangu hapo, maana mitambo ya Kinyerezi iliongezeka na viwanda vikaunganishwa. Lakini fikirieni maana ya asilimia 6 kwa mradi wa mkopo. Gharama za bomba karibu zote hazibadiliki. Mkopo ni ule ule, walinzi ni wale wale, matengenezo ni yale yale, lipite gesi nyingi au kidogo. Gharama hiyo inagawanywa kwa kila futi ya gesi inayosafirishwa, na futi zikiwa chache, mzigo wa kila moja unakuwa mzito, au mkopo unakosa wa kuulipa.

Kwa nini halikujaa? Kwa sababu lilichorwa likimtazama mnunuzi mmoja mkubwa, mitambo ya umeme ya Dar es Salaam. Mitambo ile ikichelewa, bomba linasubiri. Na leo Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, limeingia kwenye gridi, kwa hiyo hatuwezi tena kutegemea umeme peke yake uibebe gesi yetu. Watu wa njiani walikuwa wakidai haki yao. Kumbe walikuwa pia wateja ambao bomba lilikuwa linawahitaji. Mwenye bomba na mwananchi wa njiani walitaka kitu kimoja, na hakuna aliyewakalisha meza moja wakaliona hilo.

Tazameni kilichofanyika baadaye. Kiwanda cha vigae cha Goodwill kule Mkuranga kiliunganishwa na bomba, kikaacha nishati nyingine. Mwaka 2018 kiwanda cha saruji cha Dangote, Mtwara, kikaanza kutumia gesi. Zikafuata nyumba za Mtwara mjini na za Mnazi Mmoja, Lindi, zinazopikia gesi ya bomba. Hizi ni hatua nzuri, nami nazifurahia kwa dhati. Swali langu ni hili: kama viwanda na nyumba hizi zingeorodheshwa wakati wa upembuzi yakinifu, si gesi ingewafikia mapema zaidi, na bomba likaanza maisha yake na wateja mkononi?

Nije sasa kwenye vyuma, maana vijana wananiangalia.

Bomba linajengwa kwa vipande vya takriban mita 12. Kilomita 500 za bomba zina maungio zaidi ya 41,000, na kila ungio linachomelewa, kisha linapigwa picha kama mfupa uliovunjika, kuona kama ndani kuna ufa au tundu. Nje linavikwa tabaka za plastiki dhidi ya kutu, linateremshwa mtaroni, linafukiwa, na likiwa ardhini linapitishiwa mkondo mdogo wa umeme, nao wa kuzuia kutu. Kabla ya gesi kuingia linajazwa maji kwa mgandamizo mkubwa kuliko ule litakaoubeba maishani, ili kama kuna udhaifu ujitokeze likiwa na maji. Haya yanajulikana vizuri duniani na mkandarasi yeyote wa maana anayafanya.

Ukubwa wa bomba ndio uamuzi mgumu, kwa sababu haurudiwi. Ukipanua bomba, uwezo wake haupandi kwa kipimo kile kile. Bomba la inchi 36 ni pana kuliko la inchi 16 kwa zaidi kidogo ya mara mbili, lakini kwa mgandamizo na umbali ule ule linapitisha gesi karibu mara saba na nusu. Kwa hiyo kujenga bomba kubwa halikuwa kosa, kama wengine wanavyodai. Chuma kinaongezeka kiasi, uwezo unaruka. Ukijenga dogo leo, kesho utarudi kuchimba mtaro wa pili, kulipa fidia mara ya pili na kung'oa mikorosho mara ya pili. Wasiwasi wangu ni kujenga kubwa bila kujua nani ataketi katikati yake akiitumia.

Hapo ndipo linapoingia toleo. Toleo ni tawi fupi lenye valvu, linalochomelewa kwenye bomba kuu wakati wa ujenzi, na kufungwa hadi siku itakapohitajika. Likiwekwa bomba likiwa bado tupu, gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na mradi mzima. Likikumbukwa baada ya miaka 10, unatakiwa ama usimamishe gesi, ama ulete wataalamu wa kutoboa bomba likiwa na gesi ndani, kazi inayowezekana lakini yenye mashine maalumu na hatari zake. Bomba la kusini liliwekewa matoleo, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini toleo lisilo na mteja aliyeandaliwa, wala bajeti ya bomba la kumfikia, ni chuma kilichofungwa.

Waheshimiwa madiwani, naomba nami niwe mkweli kwenu, maana ahadi tamu ndizo zilizotufikisha pale Mtwara. Gesi ya bomba kuu haiingii jikoni moja kwa moja. Ina mgandamizo mkubwa sana, lazima upunguzwe kwenye kituo maalumu. Gesi ikipunguzwa mgandamizo inapoa kwa ghafla, kiasi cha nusu nyuzi ya Selsiasi kwa kila baa (kipimo cha mgandamizo) inayopungua, kwa hiyo mara nyingi inabidi ipashwe joto. Tena gesi asilia haina harufu, hivyo inatiwa dawa ya kunuka ili ikivuja mtu ajue. Kituo hicho, mita za kupimia na mtandao wa mabomba madogo ya plastiki vina gharama. Kijiji cha kaya 200 zilizotawanyika hakiwezi kuibeba peke yake. Atakayewaahidi gesi ya bomba kila kijiji cha mkuza, yaani ukanda wa ardhi linamopita bomba, msimwamini. Penye kiwanda, chuo, hospitali ya wilaya na mji mdogo karibu karibu, hesabu inakubali, na nyumba zinanufaika kwa sababu kiwanda kimebeba mzigo mkubwa. Vijiji vya mbali vinaweza kupelekewa umeme, na jambo hili si geni kwetu: mradi wa Songo Songo ulikuwa na sehemu yake mahususi ya kuvipelekea umeme vijiji vya mkuza wa bomba. Uliandikwa ndani ya mradi, haukuachwa kwa huruma ya mtu.

Hata wenzetu wanafanya hivi. Bomba la Temane, Msumbiji, hadi Secunda, Afrika Kusini, lina urefu wa kilomita 865 na lilianza kazi mwaka 2004 kwa ajili ya mnunuzi wa upande wa pili wa mpaka. Lakini pale Ressano Garcia, mpakani, likatolewa tawi kwenda Matola, na viwanda vya Msumbiji vikapata gesi ya nchi yao.

Kuhusu fidia nitasema kidogo, ila nitasema kwa uchungu. Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Inahesabiwa ardhi, maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na faida iliyopotea. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita yanadai riba. Kwenye karatasi tumekamilika. Shambani kuna mkulima wa korosho. Mkorosho unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi na unaendelea kwa miongo. Juu ya bomba hautapandwa tena, kwa sababu mizizi mirefu inaharibu ngozi ya bomba. Mtu huyu amepoteza mazao ya misimu mingi, ya kwake na ya wanawe, na akilipwa kwa jedwali la zamani, tena mwaka mmoja na nusu baada ya mti kukatwa, ameibiwa hata kama kila sahihi ipo mahali pake. Mthamini akipita, mtendaji wa kijiji awe pale, mwenye shamba awe pale pamoja na mkewe au mumewe, na nakala ya fomu ibaki nyumbani kwao.

Wahandisi wenzangu, mkiona hili ni la wanasheria peke yao mnakosea hesabu. Bomba la mamia ya kilomita halilindwi kwa uzio. Linalindwa na mkulima anayeona mashine imeingia kwenye mkuza bila kibali, akapiga simu. Bomba la Afrika Magharibi, linalotoa gesi Nigeria hadi Ghana kwa urefu wa kilomita 678, liliharibiwa Agosti 2012 na nanga ya meli katika bahari ya Togo, na Ghana ikakaa karibu mwaka mzima bila gesi ile, umeme ukawa wa mgao. Baharini hakuna jirani wa kukupigia simu. Nchi kavu yupo, na kama tulimdhulumu miaka mitano iliyopita, simu hiyo hatapiga.

Najua jibu la watu wa fedha. Watasema mikutano ya vijiji na orodha za wateja vinachelewesha, na kila mwezi wa kuchelewa una riba. Nawaheshimu, lakini hesabu yao haijakamilika. Miezi sita ya kuwaorodhesha wateja na kuzungumza na vijiji ni nafuu kuliko miaka ya bomba linalopitisha sehemu ndogo ya uwezo wake, huku marejesho ya mkopo yakidaiwa kamili. Ni nafuu mno kuliko maisha ya watu waliopotea Mtwara, ambayo sijui nani kati yetu anaweza kuyaweka kwenye jedwali.

Basi, njia ya kaskazini, ya kwenda Mombasa, ikianza kuchorwa, madiwani ombeni mambo haya kabla ramani haijafungwa. Ombeni ramani yenyewe, ikiwa na kila toleo na sababu ya kuwekwa pale lilipo. Ombeni orodha ya wateja wa wilaya yenu, iliyoandaliwa na halmashauri kwa kushirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC): viwanda vya saruji na chokaa vya Tanga, mashamba ya mkonge yenye mitambo ya kukaushia, shule za bweni na magereza. Kiasi cha gesi kwa kila mmoja kiandikwe, hata kwa makadirio. Ulizeni ushuru wa huduma utalipwa katika halmashauri ipi, wakati bomba linapita katika halmashauri kadhaa na ofisi za kampuni ziko Dar es Salaam. Swali hilo likisubiri hadi gesi itiririke, litakuwa kesi. Na nyinyi vijana, jitoleeni kusaidia kuiandaa orodha hiyo. Kuchomelea mtafundishwa na yeyote, lakini kujua kiwanda cha chokaa kilichoko kilomita nne kutoka mkuza kinachoma magogo mangapi kwa wiki, hilo anayeweza kulijua ni mtu wa hapa.

Ndugu Mwenyekiti, naishia hapo. Nimeona mheshimiwa diwani mmoja ameinua mkono tangu nilipotaja ushuru wa huduma. Naomba maswali yaanze na lake.